Propela Chini ya Kuku

Mectilda hakuwa mwanamke wa wivu. Ndivyo alivyomwambia jirani yake Genoveva, na Genoveva, aliyekuwa anachambua maharage, akaweka ungo chini kwanza ili acheke vizuri.

"Sasa kama siyo wivu," Genoveva akasema, "hiyo picha kwenye simu ya mume wako imekukosea nini?"

Picha yenyewe ilikuwa ya injini ya boti. Sulle alikuwa anaiangalia kama kijana aliyetumiwa picha na mchumba aliyeko Arusha. Anaikuza kwa vidole viwili, anaisogeza kushoto, anaisogeza kulia, anatabasamu peke yake. Siku moja alimwonyesha hadi ng'ombe. Mectilda aliona kwa macho yake: mwanaume mzima, baba wa mtoto, amesimama zizini na simu mbele ya pua ya dume, anasema, "Nguvu za farasi arobaini, wewe." Dume likalamba kioo.

Hata hivyo, injini peke yake angeivumilia. Kilichomchoma hasa kilikuwa na miguu miwili, suruali ya jinzi na pikipiki ya serikali. Kiliitwa Agatha.

Agatha alikuwa afisa uvuvi, amehamishiwa Basotu kutoka Ukerewe. Ni mtu wa maji. Anaongea haraka, anacheka kwa sauti, na akifika nyumbani kwa watu hakai kwenye kiti alichopewa, anakwenda moja kwa moja kuikagua boti iliyopinduliwa uani. Siku ya kwanza alipofika alisema, "Shikamoo, dada," na Mectilda akaitika "Marahaba" kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge bila maji. Shikamoo ni adabu, hakuna anayebisha. Lakini kuna shikamoo inayokupa heshima na kuna shikamoo inayokupa mvi, na Mectilda alikuwa na uhakika amepewa ile ya pili. Halafu huyohuyo akamgeukia Sulle akamwita shemeji.

"Shemeji wa wapi?" Mectilda alimuuliza Genoveva baadaye. "Mimi kwetu Bashay tumezaliwa wasichana wengi, nawajua wote. Huyu hayumo."

Ili umwelewe Mectilda lazima ujue jinsi ile boti ilivyokuwa inakwenda kabla ya habari za injini. Ilikuwa inavusha watu na magunia kwenda ng'ambo ya ziwa siku za mnada. Sulle alikaa nyuma na kasia. Mectilda alikaa mbele na mti mrefu, anapima kina, anatafuta njia kati ya majani, maana majani ya ziwa lile hayana adabu, leo yako hapa, kesho yamehama. Nyuma Sulle alikuwa haoni kitu isipokuwa magunia na visogo vya abiria. Kwa hiyo alikuwa anauliza. "Mama Brightness, tupite wapi?" Naye anajibu, "Shika kushoto." Walivyofanya ziwani ndivyo walivyofanya nchi kavu. Mbegu ipi ipandwe, ndama yupi abaki, mchumba wa mdogo wake Sulle anafaa au tumwache: "Mama Brightness, unaonaje?" Wapo wanawake wanaoletewa khanga. Mectilda aliletewa maswali, na hakuwa na haja ya kitu kingine.

Sasa Sulle akamwambia, tena kwa upendo kabisa, "Injini ikija wewe utapumzika nyumbani, mama. Umechoka siku nyingi."

Mectilda hakuwa amechoka hata kidogo.

Mashauri ya kuchagua injini yakafanyika uani, yeye akipeleka chai. Sulle alikuwa anataka farasi arobaini. Agatha akaipigapiga boti kwa kiganja kama anayenunua tikiti.

"Shemeji, ukipachika arobaini hapa, injini itafika ng'ambo, boti itabaki. Kumi na tano zinatosha. Halafu chukua yenye mguu mfupi wa kuingia majini. Ubao wako wa nyuma ni mfupi na ziwa lenu lina majani. Mguu mrefu utakuwa unalima."

"Na propela?"

"Hapo ndipo watu wanapokosea. Injini itakuja na propela mbili, utachagua moja. Moja mapanga yake yamepinda sana, hiyo ni ya boti nyepesi inayotaka mbio. Nyingine yamelala kidogo. Chukua iliyolala. Wewe unabeba mzigo, na huku kwenu ni juu, hewa nyepesi, injini inahema. Hata mchezaji wa Mwanza akija kucheza huku, dakika chache tu ulimi uko nje."

Sulle akafikiri. Kisha uso ukafunguka. "Ni kama lori linapanda Magara. Halipandi kwa gia kubwa."

"Hasa, shemeji. Umeelewa kuliko wavuvi wa kwetu."

Mectilda alimwaga chai kidogo kwenye sahani ya kikombe. Magara ule ni mlima wao, waliupanda pamoja juu ya lori la vitunguu saumu wakati wa uchumba, na Sulle alimweleza yeye habari za gia mpaka juu. Leo mlima amepewa mtu mwingine.

Baada ya hapo hapakuwa na amani mezani. Ugali ulifika na "Afisa kasema," mboga ikafuata na "Afisa kasema." Siku moja Brightness aliulizwa kwa nini hajanawa miguu, akajibu kwamba Afisa hajasema. Alipigwa kofi dogo ambalo, kwa haki, halikuwa lake.

Siku ya kwenda Katesh kuchukua injini, Sulle alipotoka alimkuta Mectilda amevaa gauni la kanisani.

"Unakwenda wapi?"

"Katesh."

"Kufanya nini?"

"Kuangalia."

Fundi Herman alikuwa na karakana yenye kila kitu, kuanzia spoku za baiskeli mpaka majembe ya trekta, na nyuma ya karakana kulikuwa na pipa limejaa maji. Injini ya boti ikifika mjini, na ziwa liko mbali, unaijaribia wapi? Kwenye pipa. Herman akaipachika injini ukingoni, akafunga propela iliyolala, akavuta kamba. Maji yakachemka, pipa likatetemeka, mambo ya kawaida. Akazima, akafunga ile iliyopinda, akavuta tena.

Maji yalitoka kwenye pipa kama yameitwa. Yakapiga ukuta. Yakampiga Herman. Yakalowanisha wazee wawili waliokuja kuziba pancha na mbwa aliyekuwa amelala hana kosa. Injini ilipozimwa, pipa lilikuwa limebaki na maji ya kunawia uso tu.

Watu wote wakasogea nyuma kwa heshima.

Huku kwetu maksai wa jembe hachaguliwi kwa maneno. Anafungwa gogo, anaswagwa, na yule anayetimua vumbi zaidi ndiye anayekwenda nyumbani na mtu. Baba yake Mectilda ni maarufu Bashay nzima kwa jicho hilo, na Mectilda alikuwa amelirithi. Akalitazama pipa tupu, akawatazama wazee wanaokamua makoti.

"Hii," akasema.

"Lakini Afisa kasema..."

"Afisa yuko hapa?"

Sulle akaangalia huku na huku, kana kwamba Afisa anaweza kuwa yuko nyuma ya tairi.

"Nakuuliza, baba Brightness, Afisa yuko hapa? Pipa ndilo liko hapa. Nani kalimaliza?"

Mzee mmoja, maji bado yanamchuruzika masikioni, akatikisa kichwa. "Mama amesema kweli. Hiyo nyingine ilikuwa inachezea tu."

Herman alikuwa na neno, ilionekana, lakini alikuwa pia na maji mdomoni. Sulle akamgeukia mke wake na kumtazama kwa yale macho ya zamani, macho ya mtu wa nyuma ya boti asiyeona mbele. "Mama Brightness, kweli unaonaje?"

"Chukua hii."

Akaichukua. Njia nzima ya kurudi Mectilda alikaa juu ya gunia kama malkia, na utamu ule haukumwisha mpaka siku Agatha alipokuja tena.

Sulle alikuwa shambani. Agatha akashusha kutoka kwenye pikipiki ndoo ya bluu yenye kifuniko. "Shikamoo, dada. Nilikuwa Katesh. Herman kaniambia habari za pipa." Alikuwa anajitahidi asicheke, na Mectilda aliona anavyojitahidi. "Hii ndiyo ile nyingine, ilikuwa imebaki kwake inamzibia rafu. Mwambie shemeji aiweke akiba. Isikose kwenye boti siku ya kwanza. Ndoo nitaichukua siku yoyote."

Mectilda alifungua ndoo baada ya pikipiki kuondoka. Propela ilikuwa imefungwa kwenye kipande cha kitenge, na fundo limefungwa vizuri.

"Genoveva, hebu niambie," alisema kwa jirani yake juu ya ua. "Mtu anafungaje chuma kwa kitenge?"

"Labda kisikwaruze ndoo."

"Mume wa mtu. Kwa kitenge."

Genoveva akaona maharage ni salama zaidi, akarudi kwake.

Ile propela Sulle hakuiona. Ilikwenda moja kwa moja kwenye kiota cha kuku mwekundu aliyekuwa anaatamia nyuma ya ghala. Mectilda aliitandikia majani juu, akapanga mayai katikati ya mapanga, na kuku, baada ya kunung'unika kidogo kama mpangaji aliyebadilishiwa chumba, akakalia. Nani atamwinua kuku anayeatamia kutafuta propela?

Tatizo la kuku ni kwamba huwa anamaliza kazi. Asubuhi ya siku ya mnada, siku ambayo boti ya Sulle ingevuka kwa injini mara ya kwanza mbele ya watu wote, vifaranga walitoka, kiota kikavunjika, na chuma kikabaki kinang'aa kwenye majani. Mectilda akaiokota propela, akaangalia huku na huku, akaiona ile ndoo ya bluu. Nayo ilikuwa inadaiwa. Chombo cha mtu hakirudi kwao kitupu, hata kama mwenyewe humpendi. Hasa kama humpendi, maana atakwenda kusema.

Ndipo wazo likamjia, na lilikuwa zuri mpaka akatabasamu. Aliifunga tena propela, kitenge chake na fundo lake, akaiweka chini kabisa ndani ya ndoo. Juu akajaza vitunguu saumu vya kwao Bashay, vile vyeupe vikubwa, mpaka mdomoni. Angemkabidhi Agatha ng'ambo, mbele za watu, kwa mikono miwili. Juu heshima, chini salamu. Afike kwake, ashukuru, amwage, aelewe.

"Na wewe unapanda?" Sulle alimuuliza ufukoni, akimwona na ndoo.

"Mimi ni abiria. Abiria hawapandi?"

Akakaa katikati na abiria wengine, ndoo kati ya miguu. Mbele, mahali pake, palikuwa na gunia la mahindi. Agatha alikaa nyuma karibu na Sulle, amewavalisha watu wote makoti ya kuelea, hata Genoveva ambaye lilimkaba mpaka sauti ikabadilika.

Sulle akavuta kamba. Injini ikanguruma, watu ufukoni wakapiga makofi, boti ikaondoka.

Na iliendelea kuondoka. Hilo ndilo lililoanza kuwashangaza watu. Muda ulipita, ufuko ulikuwa palepale, na waliopiga makofi bado walionekana sura, mikono imewachoka. Injini ilitoa sauti nzito ya kukoroma, moshi ukawafunika, na Sulle akiongeza mafuta inakoroma zaidi, boti haiongezi kitu. Lilikuwa lile lori la Magara kabisa, limepandishwa mlima kwa gia kubwa, na dereva anaona aibu kushuka.

Kwenye njia ya ufukoni akatokea Gidahosh, mfugaji wa upande wa Gendabi, na punda wake wamebeba magunia kwenda mnada uleule. Akawaangalia kwa makini.

"Mnavua?" akauliza.

"Tunavuka," Sulle akajibu.

"Haya." Akawasalimia wazee, akawaswaga punda, akawapita. Punda wa mwisho aligeuka kuwaangalia mara ya pili.

"Baba Brightness," Genoveva akasema kwa ile sauti yake iliyokabwa, "tukishuka tukasukuma je?"

Watu wakacheka. Mectilda naye alijiandaa kucheka, kisha akaona masikio ya mume wake. Sulle akiona aibu uso haubadiliki, ila masikio yanalala kama ya ndama aliyenyeshewa. Akapunguza mafuta. Injini ikakohoa, ikanyamaza, na upepo ukaanza kuwasukuma taratibu kuelekea kwenye majani, ambako pua za viboko wawili zilikuwa zinapumua bila haraka.

"Ni makosa yangu," Sulle akasema chini chini. "Nimetaka makubwa. Nitairudisha Katesh. Turudi kwenye kasia letu, mama Brightness. Tulikuwa tunakwenda vizuri tu."

Hapo ndipo Mectilda alipopewa kila kitu alichokitaka, kwenye sahani. Hakuna injini, hakuna Afisa. Yeye mbele na mti wake, Sulle nyuma anauliza njia. Ilikuwa ni kunyamaza tu, na kunyamaza ni kazi rahisi. Lakini yale masikio. Alikuwa anataka mume wake arudi, siyo arudi amelala masikio. Akaibana ndoo kwa magoti.

"Shemeji," Agatha akasema, "usirudishe kitu. Funga ile ya akiba."

"Akiba gani?"

"Propela niliyo..." Agatha akakatiza. Akamtazama Mectilda, akaitazama ile ndoo ya bluu kati ya miguu, akamtazama tena. Alikuwa mwepesi huyo mtoto, hata wivu lazima ukiri. Kisha akacheka kidogo na kujipiga paji la uso. "Mimi nami. Nadhani niliisahau ofisini. Samahani, shemeji, ni kosa langu."

Mectilda akasikia joto likipanda kutoka shingoni mpaka kwenye mizizi ya nywele. Kumwibia mwanamke huyu angeweza. Kumnunia angeweza mpaka Pasaka. Lakini kufichiwa kosa naye, mbele ya mume wake, halafu Agatha abaki anajua na Mectilda anajua kwamba anajua, na kila shikamoo kuanzia leo iwe na hiyo siri ndani yake? Hapana. Bora viboko.

"Hujasahau," akasema, na watu wote wakageuka. "Uliniletea nyumbani. Imo humo kwenye ndoo yako, chini ya vitunguu saumu."

Mtu akauliza nyuma, kwa nia njema, kama vitunguu saumu vinasaidia injini.

"Kwenye ndoo," Sulle akasema.

"Kabla ya hapo ilikuwa chini ya kuku."

"Chini ya kuku."

"Yule mwekundu."

Agatha alikuwa amegeukia maji na mabega yalikuwa yanamtetemeka.

"Dada," akasema alipoweza kuongea, "na kwetu Ukerewe ndoo hairudi tupu. Ila hatumrudishii mtu kitu kilekile."

"Ndiyo maana nikaweka na vitunguu."

"Basi lete hapa, viboko wanatusubiri."

Vitunguu vikamwagwa kwenye mapaja ya Genoveva. Sulle na Agatha wakainua mguu wa injini juu ya maji, na Mectilda akapenya kati ya magunia mpaka nyuma, akaibana ndoo tupu chini ya propela kwa mikono yake yote miwili. Hakuna aliyemwambia. Alijua tu mume wake akiwa na aibu hudondosha vitu. Pini ikachomoka kwenye koleo ya Sulle na kuanguka, ting, ndani ya ndoo. Ikafuata nati, nayo ting. Propela iliyopinda ikatoka, iliyolala ikaingia, bado ina unyoya mwekundu umeshikana nayo.

"Umefanya vizuri kushika hapo," Sulle akamwambia bila kumtazama.

"Shemeji, sasa anza polepole..." Agatha alianza.

"Niambie mimi," Mectilda akasema. "Mimi nitamwambia."

Agatha akamtazama, akaelewa. "Sawa, dada. Mwambie aanze polepole, halafu aongeze."

"Baba Brightness, anza polepole, halafu uongeze."

Sulle, aliyekuwa amekaa hatua moja kutoka kwa wote wawili, akasema amesikia. Akavuta kamba. Sauti haikuwa ile nzito ya kukoroma. Ilikuwa nyepesi, inapanda, kama lori lililopata gia yake. Boti ikajikusanya, ikainua pua, gunia la mbele likasogea, na viboko wakabaki na upepo wao. Ufukoni Gidahosh akasikia, akageuka, akainua fimbo. Safari hii punda ndio waliopitwa. Genoveva akampungia kwa kitunguu saumu.

Lakini mbele kulikuwa na majani. Yalikuwa yamehama tena, ukanda mzima, na kwa mwendo ule boti ingeyafikia kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Sulle akainuka nusu, akanyoosha shingo juu ya magunia. Hakuona kitu isipokuwa visogo. Agatha naye akanyoosha shingo. Lakini yeye alikuwa mtu wa Ukerewe, hayo hayakuwa majani yake.

Mectilda alikuwa tayari amekwisha pita juu ya miguu ya watu. Akalivuta gunia la mahindi, akakaa mahali pake, akauokota mti wake uliokuwa umelazwa ubavuni kama kitu kilichostaafu. Njia aliiona mara moja. Ilikuwa kulia, kati ya mafungu mawili, ya kutosha boti moja na mwenye akili.

"Mama Brightness," Sulle akaita kutoka nyuma, juu ya kelele za injini, "tupite wapi?"

Alimsikia vizuri kabisa. Lakini majani yalikuwa bado mbali kidogo, kwa hiyo akamwacha aulize tena.